Nyumba za Mwisho wa Mfongo

Wanaume walikuwa wanacheka. Siwalaumu, maana matanga bila kicheko hayakaliki. Jana yake tulikuwa tumemzika Mama Aikande katika kihamba chao, shamba la ukoo, Kirua Vunjo, kati ya migomba, ubavuni mwa mume wake, Mzee Elifuraha, aliyekuwa mwimbishaji wetu. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya jiko tunamenya ndizi za mtori, na wanaume wamekaa karibu na banda la ng'ombe wanapokezana kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Mmoja wao akaanza habari ya mwaka ule Mzee Elifuraha alipokuwa anakwenda kufundisha chuoni Moshi mjini, jinsi alivyofika mahali akawa hawezi kumaliza wimbo mmoja bila kuukata katikati na kutoa somo. Akaiga sauti yake, ile ya kutoka kifuani: "Ndugu zangu, mfongo ni nini?" Wote wakaangua kicheko. Mwingine akaongeza, huku anafuta machozi, kwamba aliwauliza hivyo watu waliokuwa na tope la mfongo huo huo mpaka magotini. Aikande, binti wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu yangu. Yeye mwenyewe ana wajukuu sasa, anaishi Dar es Salaam, na mimi huniita shangazi kwa heshima tu. Aliweka kisu chini juu ya maganda, akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani. Aliporudi hakuniangalia. Alisema, "Hata kwenye msiba wa mama, shangazi, maringo ya baba yamenifuata." Kisha akachukua ndizi nyingine.

Nilitaka kumjibu nikashindwa. Watu waliojua kwamba yale hayakuwa maringo walikuwa watatu. Wawili wamelala kwenye kihamba kile. Wa tatu ni mimi, na mimi nilikuwa nimefungwa mdomo kwa kitu ambacho kwetu hakichezewi, nitakieleza nikifika mahali pake. Mimi si mtu wa vitabu. Niliishia darasa la saba, na tabia hii ya kuandika mambo ya siku nimeiokota njiani tu, sijui niliitoa wapi. Hata niliyoyaandika mwaka ule hayana neno moja juu ya jambo hili. Kwa hiyo ninachokiandika sasa nakitoa kichwani, na kichwa cha mtu mzima kinajua kujipendelea. Nitajitahidi niwe wa haki kwa kila mtu, pamoja na wale waliocheka, kwa sababu kwa waliyoyaona wao walikuwa na sababu ya kucheka.

Lazima kwanza niueleze wimbo. Mfongo ni mfereji ambao mababu zetu waliuchimba kutoka msituni juu, ukashuka na maji kihamba kwa kihamba, kwa akili tu ya macho na miguu. Kila mwaka kabla ya kiangazi watu hutoka kuuzibua, na kazi ikiisha, wimbo wa mfongo unaimbwa. Mwimbishaji anaita nyumba kwa jina la mzee wake, kuanzia ile ya juu kabisa karibu na banio, pale maji yanapochepushwa, anashuka nazo moja moja kama maji yenyewe, na kila jina likitajwa watu wanaitikia kwa Kichagga neno ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema: yafike. Maji yafike kwa fulani. Yafike. Yafike kwa fulani. Yafike. Nyumba isiyotajwa ni kama imefungiwa maji mbele za watu. Kwenye harusi wimbo huo huo huimbwa kwa kufupishwa, kutoka nyumba ya bibi harusi mpaka nyumba anayokwenda, na hapo wanawake wanaruhusiwa kuitikia kwa sauti ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa na sauti hiyo ya kwanza. Nilikuwa sijaolewa, nilikuwa naimba kwaya kanisani, na Mzee Elifuraha alinisikia akaniomba kwa baba. Mwimbishaji na mwitikiaji wake wanasimama bega kwa bega. Ukisimama hivyo na mtu miaka kadhaa, unaijua pumzi yake kabla yeye hajaivuta.

Mkufunzi mmoja wa chuo cha ualimu, Bwana Salehe, mtu wa Tanga, alimsikia kwenye harusi moja Himo. Alikuja mpaka Kirua, akala kiburu cha ndizi na maharage akarudia sahani, akasema anataka walimu wanaosomea pale wajue nyimbo za mlimani kabla hawajatawanyika nchi nzima. Mzee Elifuraha alidhani anaombwa kuimba. Alivyoelewa kwamba anaombwa kufundisha, aliuliza kama chuo hakina walimu. Ndivyo tulivyoanza kushuka Moshi siku za soko, juu ya lori la ndizi, yeye mbele na dereva, mimi nyuma na wanawake wa mikungu, ngoma yake nimeipakata. Chumba cha darasa kilikuwa kirefu, kinanuka chaki na nta ya sakafuni, na madirisha ya upande mmoja yalikuwa yanautazama mlima. Wanafunzi walikuwa wamevaa mashati meupe. Bwana Salehe alimpa chaki, naye aliishika siku nzima kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake. Akaanza kuita. Niliitikia peke yangu, sauti yangu ikaenda ikagonga ukuta wa nyuma ikarudi. Tulipomaliza nyumba chache, wanafunzi wakapiga makofi.

Mzee akawatazama, akaniangalia mimi, akawatazama tena. Akauliza, si kwa ukali, "Sasa mkipiga makofi, nani anaitikia?"

Mmoja akaitikia kwa kujaribu, wakacheka, wakaitikia wengi. Bwana Salehe naye akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akauliza kwa nini wimbo unaanzia juu na si kwa mzee mwenye heshima kuliko wote. Nikaona uso wa Mzee Elifuraha unabadilika. Swali lile hakuna aliyewahi kumuuliza maisha yake yote. Kwetu hakuna anayeuliza, kwa sababu kila mtu anajua. Alieleza kwamba maji hayajui heshima, yanajua mteremko. Alieleza jinsi wa juu anavyoshika roho ya wa chini mkononi, na kwamba wimbo ulitungwa ili wa juu asikie kwa masikio yake majina yote yanayomngojea. Alieleza mpaka kengele ikalia. Alikuwa kama mtu aliyegundua chumba ndani ya nyumba yake mwenyewe asichowahi kukifungua. Baadaye, tukinywa chai kwenye chumba cha wakufunzi, Bwana Salehe alimtania kwamba Wachagga hata maji wameyaandikia majina, isije ikapotea tone. Mzee akamjibu kwamba watu wa Tanga wao wanangoja mvua iwaletee na chai kabisa. Walicheka mpaka mkuu wa chuo akachungulia mlangoni. Nakumbuka nilikula maandazi mengi siku ile kuliko ilivyofaa msichana mgeni, na nikaona dunia ni pana.

Sijui ni lini hasa ilianza. Nimejiuliza mara nyingi kama kule kufundisha na hili nitakalolieleza yalikuwa jambo moja, kama kufundisha ndiko kulikomharibu au kulikomhifadhi, na kila ninapopata jibu ninalipoteza. Ninachokumbuka ni harusi moja pale pale Kirua, mwisho wa masika, watu wamejaa kwenye turubai, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, imeshasimamishwa. Mzee alikuwa anaita vizuri, watu wanaitikia, bibi harusi analia kama inavyotakiwa. Wimbo ulipopita kona ya kanisa alisimama. Akanyoosha kidole juu kama anavyofanya darasani, akasema ndugu zangu, ngojeni kwanza niwaeleze kwa nini mfongo hapa unapinda. Akaeleza. Watu walipenda. Walisema, kumbe Elifuraha ni msomi. Kisha akaendelea na wimbo kutoka nyumba nyingine mbele kidogo, na katika furaha ile hakuna aliyegundua. Harusi iliyofuata alisimama tena, na iliyofuata mara mbili. Sasa watu walianza kuguna. Shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi, mwenye sauti ya kubeba maji kutoka mbali, alisema nyuma yangu, "Tuliomba mwimbaji, tumeletewa mwalimu." Jina likamkaa. Watoto wakaanza kumwamkia njiani "Shikamoo Mwalimu" kwa namna ya kubana kicheko. Na mimi, ili niwe wa haki, nitasema nilivyokuwa nawaza wakati ule: niliwaza kama wao. Niliwaza chuo kimemlewesha.

Nilichokuwa nakiona mimi na wao hawakioni ni vidole vyake. Alipokuwa anaimbisha, vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinagonga paja, pigo moja kwa kila nyumba. Siku moja chuoni alisimama, akanyoosha kidole cha kulia juu, akaanza kueleza habari ya ile kona, na nikaona vidole vya kushoto bado vinagonga. Vinagonga haraka haraka, vinarudi nyuma, vinaanza tena, kama mtu anayepapasa ukutani gizani anatafuta mlango. Nyumba inayofuata baada ya kona ya kanisa ni ya Mzee Ndekirwa. Karibu kila aliposimama ilikuwa kabla ya Ndekirwa. Siku ile alipomaliza kueleza akarudi kwenye wimbo, akaita nyumba ya kabla ya kona kwa mara ya pili, nami badala ya kuitikia neno letu peke yake, nikaimba: "Yafike, yafike kwa Ndekirwa." Akalidaka hapo hapo. Hakugeuza hata shingo. Kutoka hapo tukawa tunafanya hivyo. Mimi naitikia na kulificha jina linalofuata ndani ya itiko, yeye analichukua na kuliita kwa ile sauti yake kubwa, na watu wanadhani ni pambo tumelitunga kwa ajili ya wanachuo. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa mimi ndiye niliyekuwa naimbisha na yeye ndiye aliyekuwa anaitikia, na hakuna aliyejua. Safari iliyofuata, lori liliposimama Himo, alinunua hindi la kuchoma, akalivunja, akaja nyuma nilikokaa akanipa kipande kikubwa. Mzee kuja nyuma ya lori kumletea msichana hindi! Wale wanawake wa mikungu walinitania mpaka tunafika mjini.

Mke wake nilikuwa sijui kama anajua. Tukirudi jioni nilikuwa napitia kwao kabla ya kwenda kwetu, na Mama Aikande alikuwa ananiwekea mtori kwenye bakuli la udongo, mzito, nyama imepondwa humo humo, na ananiuliza kila mara swali moja ambalo nililiona la ajabu. Hakuuliza walimpokeaje, hakuuliza walikula nini. Alikuwa anauliza, "Leo ameimba mpaka wapi?" Kwa sauti ya mama anayeuliza kama mtoto amemaliza uji. Nikisema mpaka kanisani, anatikisa kichwa. Nikisema amefika mpaka chini, anasema haya, na ananiongezea. Siku moja nilikuwa nje naosha sufuria na yeye yuko jikoni na dada yake aliyetoka Marangu. Yule dada alisema bila kupunguza sauti kwamba mlima mzima unasema chuo kimempanda shemeji yake kichwani. Nilisikia mwiko unasimama ndani ya chungu. Kisha Mama Aikande akasema polepole, "Kimempanda, dada. Afadhali kimempanda." Na mwiko ukaendelea. Sikuelewa siku ile. Nilidhani anamkasirikia.

Sasa nafika kwenye lile jambo. Kwetu kuna mmea tunaouita sale, majani marefu ya kijani, tunaupanda mipakani na makaburini. Mtu akikukosea, au akiwa na ombi lililomshinda kusema kwa mdomo mtupu, anakuletea jani la sale. Ukiletewa sale hukatai. Hata kama ni damu iliyomwagika, hukatai. Watu wazima ndio wanaopelekeana, tena kwa mashahidi. Mchana mmoja, mahindi yamekauka shambani, Mzee Elifuraha aliingia kwetu na jani hilo mkononi. Baba alikuwa anachambua kahawa kwenye mkeka. Alisimama haraka, akavua kofia, akijiuliza amekosana naye lini. Mzee alimsalimia, akampita, akaja kusimama mbele yangu. Baba alisema kwa upole, kama anayemsahihisha mgonjwa, "Mzee, huyo ni mtoto." Naye akajibu, "Ndiyo. Ndiye niliyemfuata." Akaomba tuongee kidogo kwenye mibuni.

Huko hakuzunguka. Aliniambia, "Manka, nyumba zinanitoka. Nazishika, zinanitoka." Akasema ilianza na Ndekirwa na sasa ziko nyingine, asubuhi anazo zote, mchana nusu yake haipo. Nilimwuliza kwa nini asipumzike, aache kuimbisha, hakuna atakayemlaumu. Akasema akiacha wataanza kuuliza kwa nini. Nikasema basi hata chuoni aache. Alicheka kidogo. "Kule hawazijui hizo nyumba. Kule nikisimama, wanaandika." Kisha alinyoosha lile jani. Alisema nisimwambie mtu, hata wa nyumbani kwake, akiwa hai au amekufa. Nikamwuliza kama anajua watu wanavyomsema. Maneno aliyonijibu nimeyabeba tangu hapo na bado sijaamua kama alikuwa sahihi. Alisema, "Waache waseme najivuna. Mwenye maringo bado ni mtu. Mwimbishaji aliyesahau nyumba za watu wake ni nini, Manka?" Nililipokea jani. Ningefanyaje? Baba aliniuliza jioni yake Mzee alitaka nini, nikasema ni mambo yetu ya nyimbo. Baba hakuuliza tena. Aliona sale.

Siku ya mfongo ilikuja, na siku ya mfongo si harusi. Wanawake wanasimama ng'ambo ya mfereji na vyakula, wanaume upande huu na majembe. Mwanamke haimbishi wala haitikii kwa sauti ya kwanza. Ndiyo maana siku ile bega langu halikuwa kando ya bega lake. Aliyasimamia yote Mzee Barnaba, mzee wa mfongo, mtu wa kazi, aliyekuwa ndani ya tope tangu alfajiri kuliko vijana wake. Mzee Elifuraha alianzia juu kwenye banio. Naapa alikuwa anaimba kuliko siku zote. Alishuka, akapita shuleni, akapita kanisani, akapinda kona, na alipolitoa jina la Ndekirwa nilifumba macho nikashukuru. Alishuka tena. Zilikuwa zimebaki nyumba chache sana, zile za chini kabisa ambako mfongo unaishia, aliposimama. Nikaona vidole. Kidole cha kulia kikapanda. "Ndugu zangu," akasema, "mfongo ni nini?"

Watu walisimama na majembe yao. Kijana mmoja akacheka kwa pua. Mzee Barnaba alijipangusa uso kwa mkono uliojaa tope akauzidishia, akasema, "Mwalimu, sisi si wanafunzi wako. Imba, au ukae."

Alinitafuta ng'ambo. Tulitazamana. Jina lilikuwa kwenye ulimi wangu, nalihisi mpaka leo, na kati yetu kulikuwa na mfereji, na wanaume wote wale, na desturi, na lile jani. Akatikisa kichwa kidogo sana, kuniambia hapana. Kisha akamgeukia Mzee Barnaba akasema, "Basi, nakaa." Akakaa pale pale kwenye majani mabichi, na kanzu yake ya sherehe. Barnaba alijaribu kuendeleza wimbo lakini hakuujua mpangilio wa nyumba za chini, akaacha, na mbege ikaletwa. Watu wa nyumba zile hawakunywa. Walichukua majembe yao wakaondoka, wakisema kwamba Elifuraha sasa ni mtu wa mjini, nyumba za wanyonge zimemchosha mdomo. Simlaumu Barnaba. Aliulizwa swali la kipuuzi baada ya kazi ngumu. Wala siwalaumu wale walioondoka, kwa sababu kiangazi kile maji yaliwafikia kwa shida, na ingawa nadhani ni mvua zilizokuwa chache, mtu mwenye mgomba unaokauka hawezi kuwaza hivyo. Nashangaa kitu kimoja tu. Nyumba ya mwisho kabisa kwenye mfongo ule, ambayo nayo hakuitaja siku ile, ilikuwa ya Elifuraha mwenyewe. Katika miaka yote ya kuusimulia mkasa huu na kuucheka, hakuna aliyesimama akauliza mtu ataanzaje kuidharau nyumba yake.

Hakuitwa tena kuimbisha, harusini wala mfongoni. Mama Aikande alinipa mtori jioni ile na kwa mara ya kwanza hakuuliza ameimba mpaka wapi. Lakini kule chuoni muhula ulikuwa haujaisha, tukaendelea kushuka. Somo la mwisho chumba kilijaa mpaka waliokosa viti wakakaa madirishani. Alianza kuita, nikaitikia na wanafunzi wote, na tulipokaribia kona alisimama. Nikalificha jina ndani ya itiko kama kawaida. Hakulichukua. Nikarudia. Akanigeukia, kwa mara ya kwanza, akaweka mkono begani kwangu kuninyamazisha. Akamwuliza msichana wa mbele, "Wewe, kwenu wapi, na baba yako nani?" Msichana akasema Kibosho, akataja jina la baba yake. Mzee akaliita jina lile kwenye sauti ya wimbo, kama lilikuwemo tangu kuchimbwa kwa mfongo. Maji yafike. Wakaitikia. Akamnyooshea mkono mwingine, huyo wa Singida. Mwingine wa Lindi. Alishuka na wimbo kupita nchi nzima, nyumba ambazo hakuna maji ya mlima wetu yatakayozifikia kamwe, na wale vijana wakawa wanalia na kuitikia huku wanasimama mmoja mmoja kungoja zamu ya baba zao. Bwana Salehe alikuwa amejibanza ukutani. Akauliza kwa mzaha ambao haukumtoka vizuri, "Na kwa Salehe wa Tanga je, Mzee?" Mzee akamjibu kwamba yeye angoje mvua, na kisha akamwita, kwa sauti kuu kuliko wote.

Sijui nilichokiona siku ile. Kuna wakati nasema alikuwa anafundisha, kwamba ndipo hapo ualimu wake ulipofika kileleni. Kuna wakati nasema alikuwa mtu asiye na kitu mfukoni anayewagawia watu kwa kuwaomba. Pengine ni vyote. Mwaka uliofuata Bwana Salehe alihamishwa na chuo hakikutuita. Mzee Elifuraha aliishi bado miaka kadhaa, na alipoanza kupotea kwenye njia ya nyumbani kwake watu walisema ni uzee, wakamhurumia, wakamrudisha kwa mkono. Hakuna aliyeunganisha huo uzee na ile siku ya mfongo. Mara ya mwisho nilipomwona, hanijui tena, nilikaa karibu naye kibarazani nikaita nyumba ya juu kabisa, kwa kunong'ona. Akaitikia. Niliita mpaka nikachoka, na kila nyumba aliitikia.

Siku ya tatu ya matanga nilitoka kwangu mapema, nikakata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba changu, nikaenda nalo makaburini kabla watu hawajajaa. Niliona aibu, maana sikuwa na shahidi, na sijui kama desturi inakwenda hivyo, wa chini kumletea wa juu, aliye hai kumletea aliyekufa. Hata yeye aliwahi kuipindua desturi ile kwa ajili yangu. Nililiweka juu ya kaburi lake nikasema, Mzee, naomba radhi, nitasema. Sikungoja kitu. Aliyeletewa sale hakatai.

Nilimkuta Aikande jikoni anachagua maharage kwenye ungo. Nilimweleza yote, kama nilivyoyaandika hapa, pengine kwa mpangilio mbaya zaidi. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye sale aliinua kichwa, na sikuhitaji kueleza kwa nini nilinyamaza. Yeye naye ni wa huku. Aliuliza kitu kimoja, kama mama yake alijua. Nikamwambia lile swali la kila jioni. Alikaa na ungo mapajani, mkono wake unachanganya maharage aliyokwisha kuyachagua na yale ambayo bado.

"Shangazi," akasema mwishowe, "nyumba alizoziacha siku ile ni zipi?"

Nikamtajia, kwa mpangilio wake. Sikuwa nimekusudia kuimba, lakini majina yale hayajui kusemwa tu. Kwa Mosi. Kwa Kirumbuyo. Kwa mjane wa Tarimo. Nilikuwa naitikia mwenyewe kwa ndani baada ya kila moja, kwa mazoea. Halafu nikafika ya mwisho. Maji yafike kwa Elifuraha.

"Yafike," akasema Aikande.